Kabla Sijaweka Jina Langu Chini ya Lako

Kapata, Alhamisi mchana

Ngoie, mwanangu, mama,

Salamu sikupi, maana asubuhi hii hii tumeamkiana tukigombania ndoo moja ya maji. Nakuandikia hapa dispensari, kwenye meza ile ambayo mguu wake tuliufunga kwa bendeji. Wewe umekwenda soko kununua kufuli na sufuria, na najua utachelewa, kwa sababu hujui kununua kitu kabla hujageuza soko zima. Kesho asubuhi unapanda gari la Kisenge. Basi nina nusu siku ya kusema, na watu wawili kwenye benchi.

Karatasi yako naiona. Uliiweka chini ya steteskopu yangu Jumatatu. Ofisi ya zoni ya afya inataka, kwa kila muuguzi mpya anayefungua mahali pake, jina la muuguzi wa siku nyingi atakayejibu pamoja naye jambo likiharibika. Umejaza yote kwa mwandiko wako mzuri: jina lako, diploma yako, Kisenge, vyumba viwili vya Yaya Monga, dada yangu, kando ya barabara. Umebaki mstari mmoja mtupu pale chini. Tangu Jumatatu naupita mstari ule kama mtu anavyompita mbwa aliyelala. Na wewe huniulizi. Kiburi hicho umekitoa kwangu, sitakulaumu.

Usidhani nasita kwa sababu siiamini mikono yako. Mshipa wa mtoto mchanga unaupata mara ya kwanza. Mimi hadi leo naomba Mungu kwanza. Sababu ni nyingine. Jumatatu hiyo hiyo, nilipokuwa nakunja vikwembe vyako, niliona chini ya mzigo katoni mbili za serumu, zile chupa za maji ya mshipani, na kisanduku cha zile ampuli za vitamini zinazogeuza chupa kuwa ya manjano. Nikafunika. Nikatoka nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa na maneno ya kukugombeza tayari mdomoni, nikayameza, kwa sababu kosa lile nililifanya mimi mwenyewe na sijapata kumwambia mtoto wangu. Leo nakuambia.

Mambo ya kuchemsha vyombo na kunawa mikono siandiki. Umekua ndani ya harufu ya kloro kama watoto wa wengine wanavyokua ndani ya harufu ya samaki.

Unajua kwamba nilikuzaa nina miaka kumi na saba, katikati ya shule ya uuguzi. Nkambo wako, mama yangu, ambaye jina lake ndilo ulilopewa na ndiyo maana nakuita mama, alikubeba mgongoni akikaanga vitumbula ili mimi nirudi darasani. Watu walisema huyu amekwisha. Sikwisha. Nilipata diploma, nikafanya kazi hospitali miaka michache, kisha nikachoka kupelekwa huku na huku na wakubwa wasiojua hata jina la mgonjwa. Baba yangu alikuwa ametuachia nyumba hii ya kampuni, mlango wake ukitazama barabara. Nikapaka chumba cha mbele chokaa, nikaweka kitanda kimoja, nikachora msalaba wa kijani mlangoni. Kisha nikakaa. Wiki tatu nilikaa nikitazama lori za madini zikipita na vumbi lake likigeuza chokaa yangu kuwa nyekundu.

Mama Jolie, yule wa ng'ambo anayeuza munkoyo, kinywaji cha mahindi, ndiye aliyenionea huruma.

"Eh, mama munganga, batu batajua namna gani kama mule ndani kuko dawa? Hospitali bila serumu ni kanisa bila ngoma. Tundika chupa ku dirisha, utaona."

Nikatundika. Nikaona. Wiki ile ile benchi lilijaa. Vijana wachimbaji walitoka mashimoni wamevunjika mgongo kwa kazi, hawajalala siku mbili, wakataka ya manjano. "Ile ya maji tu sitaki, mama, haina nguvu. Nipe ya manjano, ile inaingia mu mifupa." Nilijua haiingii mu mifupa. Ni maji, chumvi na vitamini ya rangi. Sahani moja ya bukari, ugali wetu, na maharage ingewafaa zaidi. Lakini nilitundika, kwa sababu chupa moja dirishani ilikuwa inaita chupa nyingine, na mimi nilikuwa nimekaa wiki tatu peke yangu na vumbi.

Wagonjwa wa kweli, wale wazito, niliwatuma hospitali kubwa ya mjini, kama tulivyofundishwa. Na hilo ndilo lililonipa jina. Watu walianza kusema: "Kwa ule mama ni areti tu." Areti, pale basi linaposimama ushuke, upande jingine. Hakuna aliyesafiri ili afike areti. Jina likatembea Kapata yote, Mama Areti, na wachimbaji wakinipita barabarani walipiga kelele: "Mama Areti, basi inaenda wapi leo?" Nilicheka nao. Nikaingia ndani nikalia juu ya kitanda kile kimoja. Nilikuwa na miaka ishirini na tano, mama. Sita tu zaidi ya miaka yako ya leo.

Ngoja, kuna mtu.

Nimerudi. Alikuwa kijana wa mashimoni, umemwona mara nyingi, yule wa kofia ya pamba hata jua likiwaka. Alitaka ya manjano, kama kawaida. Nimemtazama macho, nimempima joto, nimemuuliza alikula lini. Jana asubuhi. Nimempa maji ya sukari na chumvi, nikamtuma kwa Mama Jolie apate chakula. "Mama Areti," anasema, "na leo tena unanishusha ku njia?" Nikamwambia: "Shuka, kula, kisha rudi tuone kama bado unaumwa." Amekwenda anacheka. Benchi limebaki na mtu mmoja, jino tu, atasubiri.

Sasa nakuambia la Kapinga.

Mama yake unamjua, anauza makala, mkaa wa kupikia, nyuma ya shule. Msimu ule wa mvua Kapinga alikuwa na miaka mitatu. Mama yake alimleta asubuhi, homa siku ya tatu, hali chakula, hachezi. Nilifungua kiganja chake, kilikuwa cheupe kama karatasi hii. Nilivuta kope ya chini, nyeupe. Ngoie, nilijua. Usije ukafikiri sikujua. Malaria ilikuwa imekula damu ya mtoto yule, alihitaji damu, na damu iko hospitali kubwa. Neno la kumwandikia aende huko lilikuwa limefika mkononi.

Lakini benchi lilikuwa na watu watano. Na wiki ile ile nilikuwa nimekwisha kutuma watu wawili. Mzee mmoja pale mwisho akasema, si kwa sauti kubwa, "Huyu naye atapandishwa basi." Wakacheka. Mama Kapinga hakucheka, alinishika mkono: "Mama, umutundikie serumu kwanza, apate nguvu." Nikaona kama nimeokolewa. Nikatundika chupa dirishani, watu waone, nikaifungua iende haraka. Benchi likanyamaza kwa heshima. Nakuambia ukweli: ule ukimya ulikuwa mtamu.

Mtoto asiye na damu ukimjaza maji, moyo wake mdogo unashindwa kuyasukuma. Umesoma hivyo. Mimi pia nilikuwa nimesoma.

Wewe ulirudi shule mchana, una miaka minane, begi bado mgongoni. Uliinua pazia ukitafuta chakula, ukamtazama Kapinga, ukasema: "Mama, juu ya nini huyu mutoto anapumua sawa mutu anakimbia?" Labda umesahau. Mimi naisikia sauti ile hadi leo. Nilifunga chupa, nikachomoa sindano, nikatoka barabarani kuita pikipiki. Tulipanda watatu, dereva, mimi na Mama Kapinga, mtoto katikati yetu, na njiani kandambili moja ya mama yake ikaanguka, hatukusimama.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana mwembamba, macho mekundu ya uchovu. Alisikiliza kifua, akageuza mkono wa mtoto, akaona plasta yangu.

"Nani alimpa maji haya yote mtoto asiye na damu?"

Nilikuwa nimevaa bluzi yangu nyeupe ya kazi. Nikasema: "Walianzia mahali pengine. Mimi nimewaleta tu."

Akamgeukia Mama Kapinga. "Ninyi bamama! Munazungusha batoto kwa mafundi wa sindano mpaka banakufa, kisha munakuya kulia hapa." Na mengine, sitayaandika. Yeye alisimama na kandambili moja mguuni, mguu mwingine uchi juu ya sementi, akitazama chini. Hakusema, ni huyu hapa. Alinitazama mara moja tu, kisha akamtazama mtoto wake.

Mjomba wake alitoa damu. Siku ya tatu nikapata habari kwamba Kapinga amekaa kitandani, ameomba uji. Siku ile niliimba nikipiga deki. Ona nilivyokuwa: niliimba.

Wiki iliyofuata sikuweza kula. Nkambo wako alinitazama jioni mbili, ya tatu akauliza, "Umeiba nini?" Nikamwambia yote. Hakunifariji. Alinifungia unga na sabuni ndani ya kitambaa, akasema, "Peleka kwa mikono yako mwenyewe, usitume mtu." Nikaenda kwa Mama Kapinga. Alikuwa anapanga mafungu ya makala, mikono myeusi hadi kiwiko, hakusimama.

"Mama Kapinga, kule hospitali mi nilisema uwongo."

"Najua."

"Ile serumu ilikuwa yangu."

"Mama, ni mi nilishika mukono ya mutoto wakati unachoma. Chupa niliona na macho yangu."

"Sasa juu ya nini haukusema? Daktari alikutukana mbele ya batu."

Alimaliza fungu moja, akaanza jingine. "Ningesema, nipate nini? Mukubwa yake Kapinga naye iko na homa homa. Kesho atagonjwa. Munganga wa karibu ni nani? Ni weye. Mutu hatukani kisima kwenye anachota maji."

Unga aliupokea. Aliniambia asante, akaniita mama munganga kama jana na juzi.

Kofi ningelistahimili, Ngoie. Hili lilinilaza. Nilipokuwa hospitali nilichukia kuwa na mkubwa juu yangu, msimamizi anayefungua daftari langu na kuuliza hii ni nini. Nilipofungua mlango wangu mwenyewe nilisema, nimepona, hakuna wa kuniuliza tena. Na kweli hakukuwa. Unachoma wewe, unaandika wewe, unasoma ulichoandika wewe. Na walio mbele yako wanakuhitaji mno hata hawawezi kukukasirikia. Watakusamehe kwa sababu uko karibu, na nyumbani kwao kuna mtoto mwingine. Kisenge utakuwa karibu zaidi kuliko mimi, maana huko wauguzi wengine wako mbali sana.

Jumatatu yake nilirudi hospitali na rejista yangu kwapani. Nilimkuta daktari yule anakula mkate amesimama. Nikamwambia, "Ni mimi. Ile serumu ya Kapinga, ni mimi niliyeitundika. Mama yake hakwenda popote." Aliuweka mkate juu ya meza. Kisha akatafuta faili, akapiga mstari juu ya maneno, akaandika mengine. Nilikuwa nangojea aniambie nifunge dispensari.

"Wengine huwa hawarudi," akasema. "Kaa."

Akachukua boksi tupu la dawa, akalichana, akanichorea upande wa ndani: huyu mtume mara moja, huyu mpe hiki kwanza kisha mtume, huyu baki naye. "Na kila unayemtuma, uniandikie karatasi. Ulimpa nini, saa ngapi, kiasi gani. Na ya aibu uandike, zaidi ile. Nikijua kwamba karatasi yako haidanganyi, sitapoteza wakati kutafuta." Kipande kile cha boksi ndicho kilichobandikwa juu ya kabati. Ulipokuwa mdogo ulidhani ni ramani.

Nilitoa chupa dirishani. Mama Jolie alinililia: "Unajifungia kazi na mikono yako mwenyewe!" Benchi lilipungua kweli, miezi miwili hivi, na tulikula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, hilo unalikumbuka kwa sababu ulilikataa. Lakini karatasi zangu zilianza kujulikana kule mjini. Mtu akifika na karatasi ya Kapata walimwinua kwenye benchi bila kumuuliza mara mbili. Watu si wajinga. Waliona kwamba aliyepita kwa Mama Areti amefika mbele ya daktari mapema kuliko aliyekwenda moja kwa moja. Wakaanza kuja wamama wenye watoto, wakaja wajawazito, wakaja hata wake za makarani wa kampuni ambao zamani hawakunitazama. Kitanda kimoja kikawa vinne. Nikaajiri Yaya Béatrice wa maabara. Unaweza kusema nimejenga dispensari hii kwa kuwatuma watu kwingine, na hutakosea.

Jina halikubadilika. Namna ya kulisema ndiyo ilibadilika.

Kwa hiyo sikia, na hapa nasema kama mama yako na kama mwenye dispensari. Mimi nina hospitali kubwa mwendo wa pikipiki mmoja. Kisenge hutakuwa nayo hivyo. Kabla hujanunua kitanda cha pili, tafuta dereva wa pikipiki atakayekubali mgonjwa anayetoka damu kwenye kiti chake, na umjue mke wake, na umtibie watoto wake vizuri. Kabla ya kupaka rangi, nenda hadi hospitali ile utakayokuwa unatuma watu, ujitambulishe, uwaonyeshe mwandiko wako. Wakikupokea vibaya, rudi tena. Na kile kibao ulichoficha nyuma ya kabati, kilichoandikwa CLINIQUE kwa rangi ya buluu, nimekiona pia. Kifute. Andika kile ulicho. Siku utakapokuwa zaidi, watu watakwambia wenyewe.

Makosa yangu mengine unayajua kwa sababu uliyaishi. Nilikukunjisha kompresi za vidonda ukiwa na miaka sita. Nilikosa kukuona ukisoma shairi mbele ya shule kwa sababu mwanamke mmoja alikuwa anajifungua, na ukweli ni kwamba muuguzi mwenzangu alikuwepo, angeweza, ila mimi sikumwamini mtu. Nilichoka vibaya, nikadhani uchovu ni ushahidi kwamba nafanya kazi. Hata leo umesikia nikikufokea kwa ajili ya ndoo. Wewe ajiri mtu wa pili mapema, na ulale. Hilo silikuombi.

Sasa mzigo wako. Nimeufungua tena, utanisamehe. Katoni moja ya serumu nimeitoa. Nyingine nimekuachia, kwa sababu atakuja mtu aliyeharisha hadi macho yameingia ndani, na chupa ile itamrudisha. Huyo utamjua, wala hutaitundika dirishani. Ampuli za manjano ziko kwangu, usizitafute. Pale katoni ilipokuwa nimeweka madaftari matatu. Nimeyapiga mistari kwa rula kila ukurasa: jina, umri, nimeona nini, nimempa nini, saa ngapi, namtuma kwa nani. Ndiyo kazi niliyokuwa naifanya wiki hii ulipokuwa unaniuliza mbona siji kula.

Ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza umejaa tayari. Usiuchane. Nimeandika pale karatasi ambayo nilipaswa kuiandika asubuhi ile: "Kapinga, miaka mitatu. Homa siku ya tatu. Viganja vyeupe, kope nyeupe. Nimempa serumu, chupa nusu, haraka, bila haja, kwa kuogopa kuchekwa. Anapumua kwa shida. Mama yake hana kosa. Anahitaji damu." Na chini, jina langu lote na sahihi.

Kisha, kwa kalamu ile ile kabla wino haujakauka, nimevuta karatasi yako kutoka chini ya steteskopu nikaandika jina langu kwenye mstari uliobaki. Limeshakaa. Limepinda kidogo kwa sababu ya mguu wa meza. Ukikosea Kisenge, watakuja kunigongea mimi Kapata, nami nitafungua mlango. Utakosea, mama. Ninachotaka ni kusikia kwako kabla sijasikia kwao.

Nilikuwa nafunga barua, Mama Kapinga akapita na gunia la makala kichwani. Kapinga alikuwa nyuma yake na sare ya shule, mrefu kumpita mama yake. Mama akalitua gunia mlangoni.

"Ya Ngoie. Asinunue makala kule mbele hajajua bei."

"Asante, mama."

"Anaenda kesho?"

"Anaenda."

Alijipangusa mikono kwenye kikwembe, akatazama ndani, dirisha lile, akatazama karatasi yako juu ya meza. Hajui kusoma, lakini sahihi anaijua.

"Ni muzuri," akasema. "Na batu ba kule bapate areti yabo."

Nasikia sauti yako barabarani, unabishana na mwenye mkokoteni. Naacha hapa. Barua hii iko ndani ya daftari, kwenye ukurasa ule. Ukifika Kisenge, kabla ya kutundika kitu chochote ukutani, ufungue hapo tena kwanza.

Mama yako,
Mama Areti wa Kapata